Kifaransa cha Mkono

Kwa miaka miwili nilikuwa nikiandikiana barua na nafsi yangu, na kampuni ikinilipa mshahara kwa kazi hiyo. Sikuanza kwa hila. Nilianza kwa huruma, tena huruma ndogo tu, ya mtu anayetaka kumaliza chakula chake cha mchana kwa amani.

Kampuni ilikuwa ya usafirishaji, kubwa, yenye malori mengi kuliko nyumba za mtaa wetu. Paki yake, uwanja wa kulaza malori, ilikuwa kando ya barabara mjini Likasi, kusini mwa Kongo, si mbali na Panda, ile kambi ya zamani ya wafanyakazi wa migodi ambako nilizaliwa na ninakoishi hadi leo. Malori yalipakia shaba, yakashuka nayo hadi mpaka wa Kasumbalesa, yakaingia Zambia, na mengine yakaenda mbele zaidi hadi kwenye bahari za watu wengine. Yakirudi yalileta vipuri, mchele, na salfa, ile poda ya njano ya viwandani inayowasha macho. Mimi nilikuwa sekretari katika ofisi ya wafanyakazi. Nilikuwa na meza, kompyuta, feni isiyozunguka, na mihuri mitatu niliyokabidhiwa kwa hotuba ndefu kuliko ile ya ndoa yangu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa dimandi. Dimandi ni karatasi ambayo mwajiri humwandikia mfanyakazi aliyekosea, au anayedhaniwa amekosea, akimtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Kwa Kifaransa jina lake ni refu, demande d'explication, lakini madereva hawakuwa na nafasi ya jina refu. Dereva akishapata dimandi tatu, faili lake huwa zito, na mkataba wake, ambao huandikwa upya kila mwaka, huwa mwepesi.

Dereva alipewa dimandi akichelewa. Alipewa pia akiwahi, maana aliyewahi amekimbiza gari. Alipewa akisimama mahali ambapo kompyuta inayofuatilia malori haikutarajia asimame, na mmoja alipewa kwa sababu kompyuta yenyewe ilisema lori lake liko ndani ya ziwa. Zote nilizipiga chapa mimi, shefu akatia saini.

Shefu wa wafanyakazi alikuwa mtu safi, wa shati jeupe, mpenda lugha. Kabla ya kuingia kampuni alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na kalamu yake nyekundu alikuja nayo. Majibu ya madereva aliyasahihisha. Dereva mmoja alijieleza kwamba tairi lilipasuka. Shefu akamrudishia karatasi yenye alama nyekundu tano, na chini yake ameandika: *Rudia*. Kuhusu tairi hakusema neno.

Siku moja saa sita mchana, nimefungua tu sahani yangu ya bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, mtu alibisha. Alikuwa dereva wetu mzee kuliko wote, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, mwenye ndevu fupi nyeupe na kofia ya kufuma. Mkononi alishika dimandi niliyoipiga chapa asubuhi ile ile. Alikuwa ameikunja mara nne, kama watu wanavyokunja karatasi ya hospitali.

"Mama, samahani. Hii karatasi inasema nini?"

"Inakuuliza, papa, juu ya nini ulikaa siku tisa ku Kasumbalesa."

Alifikiri kwa uzito, kama mtu aliyeulizwa kwa nini ya kweli.

"Nilikaa siku tisa juu ule wa mbele yangu naye alikaa siku tisa."

"Sasa andika vile."

"Mu Français?"

"Mu Français, papa."

Aliitazama sahani yangu, akanitazama mimi. "Mama, minye Français yangu inaishiaka ku *bonjour*."

Nilinawa mkono, nikachukua karatasi. Na hapo ndipo nilipokosea, kama ni kosa. Ningeandika tu kwamba wa mbele yake alikaa siku tisa. Lakini shuleni nilikuwa nimepata zawadi ya insha, na tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kuniomba insha nyingine. Niliandika ukurasa mzima. Niliandika kwamba foleni ya mpaka haina kichwa wala mkia. Kwamba dereva huamka pale alipolala na hulala pale alipoamkia. Kwamba anatazama lori la mbele hadi analijua kuliko uso wa mama yake. Kasumbalesa kwenyewe sikuwa nimewahi kufika. Foleni niliiona kwa akili tu, na kwa akili ilipendeza sana.

Mzee alikaa kwenye kreti ya soda, akainakili herufi kwa herufi. Utotoni alikuwa amesoma chuo cha Kurani na madarasa machache ya shule, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alimaliza wakati bukari yangu imekwisha kuwa jiwe.

Kesho yake shefu aliniita. Alikuwa amesimama, karatasi mkononi, kalamu nyekundu bado ina kofia yake.

"Madame, sikiliza hii." Akaisoma yote kwa sauti, hadi saini. "Dereva! Huyu ni dereva! Unaona? Watu hawa wana kitu ndani yao. Ni kuwalazimisha tu kidogo, wanakitoa."

Nilisema naona. Kwenye faili aliandika *Amejieleza vizuri*, na siku tisa zikasamehewa.

Habari katika paki haihitaji mafuta. Haukupita mwezi, kila saa sita nilikuwa na madereva wawili au watatu mlangoni, kila mmoja na karatasi yake. Waliniletea samaki wakavu wa Kapolowe; mmoja aliniletea mfuko wa makaa. Nilikula haraka kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia, na mchungaji wangu angeniona angeniombea kwa yote mawili. Baada ya muda nikawa fundi. Nilijifunza kuipiga chapa dimandi kwa namna ya kuacha mlango wazi. Nikiuliza asubuhi, nilikwisha kujua jibu la mchana. Na nikijibu mchana, nilikwisha kujua shefu atavutiwa na sentensi ipi. Shefu alimwandikia mkurugenzi ripoti kuhusu maendeleo ya lugha miongoni mwa madereva, na chanzo cha maendeleo hayo alikitaja bila kuona haya: kalamu yake nyekundu. Ripoti hiyo nayo niliipiga chapa mimi.

Pale kwenye kreti ya soda nilisikia mambo ambayo miaka ya kukaa ofisini haikuwa imenifundisha. Nilimsikia mtu aliyepata habari akiwa Ndola, Zambia, kwamba mtoto wake amezaliwa, akafika nyumbani akamkuta ana meno mawili. Nilimsikia mwingine aliyekaa wiki nzima na shati moja lenye harufu ya salfa, kwa sababu kwenye paki ya mpaka maji hayakuwepo. Na nilisikia habari ya bon ya matibabu, kile cheti cha kampuni cha kulipia hospitali. Dereva akiugua, kampuni ilimtibu, tena bila manung'uniko, mradi awe na bon. Na bon ilitolewa ofisini kwetu Likasi, kwa mgonjwa aliyejileta mwenyewe. Kwa hiyo dereva wetu aliruhusiwa kuugua popote, ila kupona ilikuwa ni Likasi tu. Yote haya niliyatia katika Kifaransa kizuri. Uchungu wao ukipita mikononi mwangu ulitoka umepigwa pasi.

Kisha ukaja mwezi wa usalama barabarani. Makao makuu yalimtuma mpiga picha, naye akamchagua mzee wetu, kwa sababu ndevu nyeupe huleta imani. Mzee alikuwa ameingia kutoka mpakani asubuhi ile ile, macho yamekuwa mekundu. Walimpa maji anawe uso, wakampandisha kwenye lori jipya ambalo hakuwahi kuliendesha, wakamwambia ashike usukani na aonekane amepumzika.

"Nipumzike namna gani?" aliuliza.

"Fikiria tu kitanda chako, papa," mpiga picha alimwambia.

Picha ilitoka vizuri. Waliifanya kubwa kama ukuta wa chumba, wakaitundika kwenye lango la paki, na chini yake maneno kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: UMECHOKA? SIMAMA, UPUMZIKE. Kutoka dirishani kwangu nilimwona mchana kutwa, akitabasamu katika upepo.

Wiki tatu baadaye mzee alikuwa anarudi kutoka Kasumbalesa na mzigo wa salfa. Malaria ilimshika barabarani. Alivuka Lubumbashi akitetemeka, akaendelea, na karibu na Kapolowe akaona barabara zimekuwa mbili. Alichagua ile ya kushoto, akaona si ya kweli, akasimama. Aliweka matawi nyuma ya lori kama inavyotakiwa, akalala chini kwenye kivuli cha trela kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Simu ililia ndani ya kabini mpaka ikachoka yenyewe.

Jumatatu shefu aliniwekea mezani karatasi ya kompyuta. Lori limesimama kwa muda wa saa nne. Umbali uliobaki kufika paki haukufika kilomita arobaini.

"Andika," alisema.

"Shefu, pengine alikuwa mgonjwa."

"Kama alikuwa mgonjwa atajieleza. Si ndiyo maana ya kuuliza?"

Niliandika. Niliuliza kwa lugha ya adabu ni kwa nini alisimama mahali pasiporuhusiwa wakati amekaribia kufika. Nikipandisha macho kufikiri neno, niliuona uso wake langoni ukiniambia nisimame, nipumzike.

Alikuja saa sita, amekonda, macho ya njano. Nilimpa kiti changu, mimi nikakaa kwenye kreti.

"Juu ya nini haukuomba dawa kule kule, papa?"

"Dawa inaombaka bon. Bon iko hapa ku bureau. Minye nilikuwa kule." Akapumua. "Ni ile bon nilikuwa nafwata."

Nilijaribu kuandika. Nilianza na homa, nikaja kwenye barabara mbili, nikatafuta neno la kutetemeka. Kila sentensi nilikuta imevaa tai. Nilichana karatasi ya kwanza na ya pili. Mzee alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mwenzake akihangaika na betri iliyokufa.

"Mama, usiteseke. Andika tu: niliona picha yangu ku mulango inaniambia, umechoka, simama. Minye nikaitika."

Ikawa sentensi moja kwa Kifaransa: nimeitii picha yangu. Aliinakili kwa dakika mbili, akatia saini, akaenda zake hospitali na bon yake.

Shefu aliisoma kimya. Kisha akacheka mpaka akavua miwani. Aliipeleka kwa mkurugenzi Lubumbashi, naye akacheka, akaionyesha wengine. Kila mtu alikubali kwamba ni jibu lenye akili sana. Malaria hakuna aliyeiulizia. Badala yake walitoa uamuzi: dereva mwenye kipaji cha namna hii lazima azungumze siku ya usalama, mbele ya wateja, kwa Kifaransa chake kile.

Niliposikia, niliacha barua katikati ya kuipiga chapa. Nilimtafuta mzee pakini.

"Papa, kataa. Sema uko mugonjwa."

"Nilisema mara moja niko mugonjwa," alijibu, "ukaona vile ilifika."

Siku ya usalama waliweka mahema, viti vya plastiki na kwaya. Wageni walikaa mbele, madereva nyuma. Mimi nilipangwa kwenye meza ya juisi. Mzee alivalishwa kizibao kipya cha rangi ya chungwa chenye mikunjo ya dukani, na shefu mwenyewe alimpa kipaza sauti, akitabasamu kama mwalimu anayemtoa mwanafunzi wake bora.

"Bonjour," alisema mzee.

Watu wakapiga makofi. Kisha wakangoja sentensi ya pili. Nilishika chupa ya juisi kwa mikono miwili.

"Bakubwa, munisamehe," alisema kwa Kiswahili. "Minye niko na Français ya mukono. Ya kinywa, Mungu hakunipatia."

Viti vya nyuma vilipasuka kwa kicheko. Wale wote walikuwa na Kifaransa cha mkono ule ule. Shefu naye alicheka, mara moja, kisha kicheko kikamfia usoni. Alitazama safu za nyuma. Alikuwa mwalimu, na mwalimu huijua insha iliyonakiliwa. Akageuka polepole, akaipita kwaya, akawapita wageni, macho yakaja kutua kwenye meza ya juisi.

Mzee hakuwa amemaliza. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya mbele ya wateja. Alisema kwamba picha yake anaishukuru, imetoka muzuri kuliko yeye. Alisema homa haijui Likasi iko wapi, kwa hiyo anaomba kitabu cha bon kiwekwe pia Kasumbalesa, kwa ajenti wa kampuni. Alisema wanaomba maji, si mengi, ya kunawa na ya kusalia, kwa wanaosali kwa maji. Kisha akasema asante, akaketi.

Mgeni mmoja aliuliza amesema nini. Shefu alisimama, akatafsiri: "Anasema usalama ni jambo la kila mmoja wetu."

Wageni wakapiga makofi. Mmoja wao hakupiga. Alikuwa mama mmoja aliyetumwa na mteja mkubwa wa shaba, mtu wa Tanzania, aliyekuwa amesikia kila neno bila msaada wa shefu. Alifungua daftari lake akaandika kitu. Wakati ule sikumtilia maanani, nilikuwa na hofu zangu.

Kesho yake shefu aliniita. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Madame, andika dimandi."

"Kwa nani, shefu?"

"Weka jina lako."

Nilikaa nikaipiga chapa. Niliandika kwamba imegundulika kuwa mhusika, badala ya kulinda siri za ofisi, amekuwa akitunga majibu ya barua ambazo yeye mwenyewe ameziandaa. Ilikuwa dimandi nzuri, sitakataa. Nilimpelekea akasaini.

"Nakala ngapi, shefu?"

"Tatu, kama kawaida."

Nilirudi mezani, nikajikabidhi nakala moja, nikatia saini kwamba nimeipokea, nikapiga muhuri juu ya saini yangu. Saa arobaini na nane zikaanza.

Sikuweza kujibu. Nyumbani nilikaa na karatasi baada ya ibada ya jioni, mume wangu akila. Yeye ni mtu wa machimbo ya Kakontwe, anavunja mawe ya chokaa, na huona mambo kama mawe: unayapiga au huyapigi.

"Si uandike kama unavyowaandikia wale?" aliniambia.

Nilijaribu. Kila nilichoandika kilikuwa kizuri na hakikuwa changu. Nilikuwa nimewatetea watu kwa tairi, kwa homa, kwa foleni nisiyoijua. Kujitetea mwenyewe nilikosa Kifaransa.

Siku ya pili, saa sita, mzee aliingia bila kubisha. Alikwisha kupata habari. Alikaa kwenye kreti yake.

"Leo minye nitasema, weye utaandika. Na Kiswahili."

Nilichukua kalamu.

"Andika: Shofere anabebaka muzigo haiko yake. Anaipakia hapa, anaishusha kule, na hakuna mutu anamwita mwizi. Bale bantu walikuwa na maneno, njia hawakuwa nayo. Minye nilibeba. Kama kubeba ni makosa, basi twiko bengi." Alisubiri nimalize. "Sasa weka jina yako."

Shefu alisoma, akafungua kofia ya kalamu nyekundu, akatafuta pa kuanzia. Kalamu ilitembea juu ya mistari bila kugusa.

"Hii ni Kiswahili," alisema mwishowe.

"Ndiyo, shefu."

"Faili haipokei Kiswahili. Itafsiri."

Nikaketi, nikautafsiri utetezi wangu. Alisahihisha koma moja, akanisimamisha kazi siku tatu. Barua ya kunisimamisha niliipiga chapa kabla ya kuondoka, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kuipiga.

Siku ya kwanza nilifua. Siku ya pili nilipanda taksi-basi hadi Lubumbashi kwa shangazi yangu, na kesho yake asubuhi nikapanda nyingine hadi Kasumbalesa. Nilimwambia shangazi ninakwenda kutazama vitambaa. Ukweli ni kwamba nilijua mzee ameondoka na mzigo jioni ile ile ya barua yangu na sasa yuko kwenye foleni, na nilikuwa nimeiandika foleni ile mara nyingi mno bila kuiona.

Nilishuka nikatembea kando ya malori kwa muda mrefu. Nilitarajia kitu kikubwa. Nilikuta soksi zimeanikwa kwenye vioo vya pembeni. Nilikuta mtu ananyoa ndevu, mwingine anakaanga mayai kwenye kivuli cha tairi, wawili wanacheza drafti kwa vifuniko vya chupa bila kusemezana, na wengi hawafanyi lolote. Wamama walipita na ndoo wakiuza maji. Hakuna aliyekuwa akitazama lori la mbele kuliko uso wa mama yake. Walikuwa wametazama mpaka wakaacha.

Mzee alikuwa katika siku ya tatu. Alikuwa anatia udhu kwa nusu chupa ya maji, kidogo kidogo, bila tone kuanguka bure. Nilisubiri hadi amalize kusali. Aliponiona aliona haya, si kwa ajili yangu bali kwa sababu hakuwa na kiti cha kumpa mgeni. Aligeuza ndoo, akaipangusa kwa kofia yake, akanikaribisha. Nilimpa unga na dagaa nilivyomletea.

Tulikaa. Baadaye nilimwambia, "Papa, haiko vile niliandika."

"Najua, mama."

"Ulijuaje? Français haukuwa unaisikia."

"Wenzangu wanaosikia walinisomea. Walicheka sana." Akatabasamu kwa adabu. "Foleni yako ilikuwa muzuri. Minye mwenyewe nilitamani kuifika."

"Na juu ya nini hamukuniambia?"

"Shefu alikuwa anaipenda. Tena weye ulikuwa unaacha bukari yako inapoa. Tungekuambia nini?"

Nilikaa pale kwenye ndoo hadi jua lilipogeuka, na katika muda wote ule lori halikusonga hata hatua moja. Mzee hakuonekana kuliona hilo. Alinisindikiza hadi penye mabasi, akanichagulia dereva aliyemwamini, akamwonya asikimbize.

Niliporudi kazini nilikuta mambo yamepangwa upya. Dereva hakuandika tena. Alipewa karatasi yenye vijumba vinne, *forodha, ubovu, ugonjwa, mengineyo*, akatia msalaba kwenye kimoja. Wengi walichagua *mengineyo*, hata waliokuwa na malaria. Kazi yangu ikawa kuhesabu misalaba. Shefu aliiweka kalamu nyekundu kwenye droo. Mara moja, mvua inanyesha na hakuna kazi, aliniuliza bila kunitazama kama mzee yule ameandika chochote siku hizi. Nilimwambia hajaandika. "Pole," alisema, na sikujua anampa nani.

Bon zilifika Kasumbalesa. Zilichukua miezi, na hazikuletwa na hotuba wala na barua zangu zote. Yule mama wa Tanzania alirudi kwa niaba ya mteja na orodha ya mambo ya kukagua, na katika orodha hiyo kulikuwa na swali: dereva akiugua mpakani anatibiwa vipi? Kampuni haikuwa na kijumba cha kujibu. Ndani ya wiki mbili ajenti alikuwa na kitabu cha bon. Tangi la maji lilifuata, na siku ya kulizindua shefu alizungumza vizuri sana, kwa Kifaransa. Hotuba alinipa niipige chapa.

Mzee aliongezewa mkataba mara mbili, mara ya tatu wakamwambia umri. Hakupewa dimandi, kwa hiyo hakukuwa na la kujieleza. Sasa ana duka dogo la sabuni na mafuta ya kula hapa Likasi, mke wake ndiye anayeuza, yeye anapanga. Jumamosi iliyopita nilipita kununua mafuta. Alikuwa amelala mkekani nyuma ya duka, mchana kweupe, kofia juu ya uso. Ghafla aliketi, macho bado yamefumbwa, akanyoosha mguu wa kulia kama anayetafuta pedali.

Mke wake hakuacha hata kunipimia.

"Anafanyaka vile," aliniambia. "Anazani iko zamu yake ya kusogea mbele." Kisha akageuza kichwa, akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyekwisha zoea: "Lala, papa. Foleni bado haijasogea."

Naye akajinyoosha tena, akalala.